Kibali cha bastola cha Marekani huishia mpakani mwa jimbo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenye ndugu Marekani, hasa wale ambao ndugu zao wameamua kumiliki bastola huko na kutembea nayo kiunoni, mkobani au ndani ya gari. Ninalotaka kulisema ni kwamba kibali cha kubeba bastola kinachotolewa na jimbo moja la Marekani hakimruhusu mtu kuibeba katika jimbo jingine mpaka jimbo hilo la pili liwe limekubali kukitambua, na kwamba mtu asiye raia anayevuka mpaka huo bila kulijua jambo hili anaweza kupoteza uhuru wake na, baada ya hapo, haki yake ya kuishi nchini humo. Nilifanya kazi ya uwakili kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na bado familia zenye vijana Boston, Dallas na Los Angeles huja kuniuliza mambo haya. Maswali yao hunitia wasiwasi, kwa sababu karibu kila muulizaji huwa ameshaamini kwamba Marekani ni nchi moja yenye sheria moja ya silaha.

Imani hiyo inaeleweka ukitazama tulikotoka. Hapa Uganda kibali cha kumiliki silaha hutolewa na polisi chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na sheria hiyo ni ileile Arua, Mbale, Kisoro na Kampala. Mwenye kibali anayetoka Gulu kwenda Mbarara hana sababu ya kujiuliza njiani kama ameingia katika utawala wa sheria nyingine. Akifika Busia, Malaba, Katuna au Mutukula ndipo anapokutana na lango, askari na maofisa wa forodha, na hapo hahitaji kuambiwa kwamba bastola yake haivuki pamoja naye. Tangu mwaka 2014 tunaingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, lakini sijapata kumwona mtu mwenye akili timamu anayedhani kwamba kitambulisho hicho kinaruhusu na silaha ipite. Marekani mpaka wa jimbo hauna lango wala askari. Kuna kibao kando ya barabara kinachomkaribisha msafiri, na gari hupita bila kupunguza mwendo, huku sheria inayomhusu dereva ikiwa imebadilika kabisa.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yalimalizwa na Mahakama ya Juu ya Marekani. Hawakusoma hukumu hadi mwisho. Ni kweli kwamba mwaka 2008 mahakama hiyo iliamua kuwa Marekebisho ya Pili ya Katiba yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani kwake, na mwaka 2010 ikasema kwamba majimbo na miji nayo inafungwa na haki hiyo. Ni kweli pia kwamba tarehe 23 Juni 2022, katika kesi iliyotoka New York, iliamua kwamba raia wa kawaida hawezi kulazimishwa kuthibitisha haja ya pekee ndipo apewe kibali cha kubeba bastola nje ya nyumba yake. Lakini hukumu hiyohiyo iliyaachia majimbo uwezo wa kudai kibali, kuchunguza alama za vidole na historia ya mwombaji, kutaka mafunzo, na kukataza silaha katika sehemu nyeti. Siku chache baadaye New York ilitunga sheria mpya yenye orodha ndefu ya sehemu hizo, zikiwemo treni, mabasi na uwanja wa Times Square. Mahakama ilifungua mlango, na kila jimbo likabaki na kizingiti chake.

Tofauti za vizingiti hivyo ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Vermont haijawahi kudai kibali cha kubeba bastola. Maine iliacha kukidai mwaka 2015, New Hampshire mwaka 2017, na Texas tarehe 1 Septemba 2021. Hadi kufikia mwaka 2024 majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa yakimruhusu mtu mzima ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha abebe bastola iliyofichwa bila kibali chochote. Upande wa pili wako Massachusetts, New York, New Jersey, California na mengineyo ambayo hudai kibali chao wenyewe, na ambayo kibali cha mgeni kutoka jimbo jingine si kitu mbele yao.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Massachusetts, kwa kuwa ndugu zetu wengi wanaishi Waltham, mji ulio jirani na Boston, ambako jamii ya watu kutoka Uganda ni kubwa na imekaa kwa muda mrefu. Kutoka Waltham hadi mpaka wa New Hampshire ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Kijana anayeishi ng'ambo ya mpaka, Nashua au Manchester, anaruhusiwa na sheria ya huko kuweka bastola yenye risasi chini ya koti lake bila kumwomba ofisa yeyote. Siku ya Jumapili anaingia garini kwenda Waltham kusali na kula chakula na shangazi yake. Akivuka mpaka akiwa nayo vilevile, bila kibali cha Massachusetts, ametenda kosa ambalo sheria ya jimbo hilo imeliwekea kifungo kisichopungua miezi 18. Hakimu hana nafasi ya kusema kwamba mshtakiwa ni mtu mwema, mwenye kazi, asiye na rekodi, na kwa hiyo atozwe faini aende nyumbani. Kiwango cha chini kimeshapangwa na sheria, na yeye amefungwa nacho.

Sasa mfikirie ndugu huyohuyo akiendesha gari kutoka Boston kwenda Washington kwenye harusi, kwa barabara kuu ya I-95. Atapita Massachusetts, Rhode Island, Connecticut, New York, New Jersey, kipande cha Pennsylvania na cha Delaware, Maryland, na hatimaye Wilaya ya Columbia, yaani Washington kwenyewe. Safari ambayo dereva mwenye haraka huimaliza kwa siku moja ina sheria tisa hivi za silaha. Ndani ya New York kwenyewe kuna mpaka mwingine usioonekana: kibali kilichotolewa na wilaya za kaskazini mwa jimbo hakitumiki katika Jiji la New York mpaka kamishna wa polisi wa jiji atoe idhini ya pekee.

Wasomaji wanaodhani kwamba nia njema humwokoa mtu wanapaswa kuisikia kesi ya mama mmoja wa Philadelphia, mwenye watoto wawili, ambayo iliandikwa sana magazetini. Alikuwa na kibali halali cha Pennsylvania. Oktoba 2013 alivuka kuingia New Jersey, jimbo ambalo liko ng'ambo tu ya mto kutoka mjini kwake, na akasimamishwa na polisi kwa kosa dogo la barabarani. Mwenyewe, kwa uaminifu, alimwambia askari kwamba ana bastola na kibali. Alikamatwa papo hapo, na akakabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka kadhaa. Ilichukua kelele za umma, maelekezo mapya kutoka ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na hatimaye msamaha wa Gavana Chris Christie mwezi Aprili 2015 ndipo jina lake likasafishwa. Huyo alikuwa raia wa Marekani, aliyezaliwa huko, ambaye umma ulimpigania. Ninapoisimulia kesi hii kwa wazazi hapa Jinja huwa nawaomba wajiulize ni nani angempigania mtoto wao.

Najua kuna wasomaji watakaonijibu kwamba ipo sheria ya taifa inayomlinda msafiri. Ipo, ni ya mwaka 1986, na ni ya kweli, ila wengi huitaja bila kujua masharti yake. Inamlinda mtu anayetoka mahali ambapo anaruhusiwa kuwa na silaha na kuibeba, akienda mahali pengine ambapo pia anaruhusiwa, na anapita tu katika majimbo ya katikati. Silaha lazima iwe haina risasi. Silaha na risasi zote mbili lazima ziwe mahali ambapo abiria hawezi kuzifikia kwa urahisi, yaani kwenye buti. Na kama gari halina buti lililotengwa, ziwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na kile kisanduku cha dashibodi au cha katikati ya viti hakihesabiki. Kwa hiyo sheria hii haihusiani kamwe na bastola iliyo kiunoni. Pia inamsaidia mpita njia. Anayelala njiani, au anayekaa siku mbili kwa binamu yake, anajiweka katika hali ambayo mahakama zinaweza kuitazama kwa jicho jingine.

Hilo la kulala njiani si la kubuni. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah alikuwa akiruka kwenda Pennsylvania kupitia uwanja wa ndege wa Newark, New Jersey, bastola yake ikiwa imefungiwa ndani ya mzigo kama inavyotakiwa. Ndege ilichelewa, akakosa ile ya kuunganisha, akachukua mizigo yake na kulala hotelini. Asubuhi yake aliporudi uwanjani na kutangaza silaha yake kwa wahudumu, kama sheria inavyomtaka, alikamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai fidia, Mahakama ya Rufaa mwaka 2010 ilimwambia kwamba usiku ule silaha ilikuwa mahali alipoweza kuifikia, na hivyo kinga ya sheria ya mwaka 1986 haikumfikia. Kwa maoni yangu ni uamuzi mgumu mno kwa mtu aliyefuata kila utaratibu. Hata hivyo ndio uliotolewa, na ndugu zetu wanaopitia viwanja vya Newark, JFK na LaGuardia wakija nyumbani Entebbe au wakirudi wanatakiwa kuujua kabla hawajafunga mizigo.

Wako pia wanaotegemea vibali vya Utah au Florida, ambavyo hutolewa hata kwa wasio wakazi na hutambuliwa na majimbo zaidi ya 30. Vina manufaa, sikatai. Lakini New York, New Jersey, Massachusetts, Maryland, Illinois na California haviyahusu, na Colorado na Michigan hutambua kibali cha jimbo jingine pale tu mwenye nacho anapokuwa mkazi wa jimbo hilo. Kijana wa Texas anayedhani karatasi yake ya Utah inamtosha akienda Detroit amekosea.

Mbali na kibali chenyewe, mambo madogo nayo hubadilika. Bastola nyingi huuzwa Texas zikiwa na magazini ya risasi 15 au 17. New York, New Jersey na Massachusetts magazini ya zaidi ya risasi 10 yenyewe ni kosa. Michigan mwenye kubeba bastola iliyofichwa anatakiwa kumwambia askari mara tu anaposimamishwa, ilhali kwingine anatakiwa kusema anapoulizwa tu. Kuna majimbo ambayo tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa duka lina nguvu ya sheria, na mengine ambako ni ombi la mwenye duka. Na kuna sheria ya taifa kuhusu maeneo ya shule, iliyotungwa upya mwaka 1996 baada ya ile ya kwanza kubatilishwa, inayokataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, takribani mita 300, na kumwachia aliye na kibali cha jimbo ambamo shule hiyo ipo. Anayebeba bila kibali kwa kuwa jimbo lake halikidai hana nafuu hiyo anapopita nje ya lango la shule ya mwanawe na bastola yenye risasi. Hili huwashangaza hata Wamarekani wenyewe.

Nifike sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi, ambalo sheria za majimbo hazilisemi na ambalo rafiki Mmarekani kazini hawezi kumwambia ndugu yetu kwa sababu halimhusu. Aliyeko Marekani kwa viza ya muda, awe mtalii, mwanafunzi au mfanyakazi, kwa kawaida amekatazwa na sheria ya taifa hata kushika silaha au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ule wa mwenye leseni halali ya uwindaji. Tangu mwaka 2022 adhabu ya kosa hilo inaweza kufika miaka 15. Kwa hiyo mzee anayekwenda kumtembelea mwanawe Dallas asikubali kupewa bastola aishike apigwe picha ya kutuma kijijini, hata kama Texas ni jimbo lisilodai kibali. Ruhusa ya Texas haiondoi katazo la taifa.

Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, anaruhusiwa kununua na kumiliki silaha kama raia. Hapa ndipo wengi hupumua na kuacha kuuliza zaidi, na hapa ndipo hatari ilipo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema kwamba mtu asiye raia anayetiwa hatiani kwa kosa la kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kuondoshwa nchini, na haijalishi ameishi huko muda gani. Haidai kwamba awe alimtishia mtu au alifyatua risasi. Kosa la kubeba bila kibali linatosha kufungua kesi ya kumrudisha. Kwa Mmarekani aliyevuka mpaka wa New Jersey kwa bahati mbaya, adhabu huisha siku anapotoka gerezani. Kwa mwenye grini kadi kutoka Masaka au Tororo, siku hiyo maofisa wa uhamiaji wanaweza kuwa wanamngoja mlangoni, na nyuma yake kuna mke, watoto waliozaliwa huko, nyumba yenye mkopo, na wazazi hapa nyumbani wanaoishi kwa fedha anazotuma. Zipo njia za kujitetea mbele ya hakimu wa uhamiaji, hasa kwa aliyekaa miaka mingi, lakini ni ghali, huchukua muda mrefu, na hakuna ajuaye zitaishaje.

Wapo wanaongoja Bunge la Marekani lilete sheria moja ya kuyalazimisha majimbo kutambua vibali vya mengine. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo Desemba 2017, ukafia Seneti. Sina neno na anayeunga mkono muswada huo au anayeupinga; namwomba tu asisafiri leo kana kwamba umekwishapita.

Ushauri wangu kwa ndugu zetu ni wazi na sioni haya kuutoa: anayesafiri kwenda jimbo jingine aiache bastola nyumbani, ikiwa imefungiwa kabatini. Harusi, mkutano wa mwaka wa UNAA, chama cha watu kutoka Uganda walioko Amerika Kaskazini, ambao kwa kawaida huangukia mwishoni mwa juma la Siku ya Wafanyakazi ya Marekani mwanzoni mwa Septemba, na misiba ambayo huwakusanya watu kutoka pande zote kuchanga fedha za kumsafirisha marehemu, zote ni safari za kwenda kukaa na watu wetu, na sioni bastola ina kazi gani humo. Anayeona hawezi kuiacha, kwa mfano kwa sababu anahama makazi, asome sheria ya kila jimbo atakalopitia kwenye tovuti ya polisi au ya mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, na aisome wiki ileile ya safari, maana sheria hizi hubadilika kila kikao cha mabunge ya majimbo. Neno la rafiki aliyepita njia hiyo miaka mitatu iliyopita halitoshi. Nawaomba pia wanaoandaa mikutano na sherehe hizo waweke kwenye mwaliko aya moja inayoeleza sheria ya jimbo mwenyeji, mahali palepale wanapoandika bei ya hoteli na jinsi ya kufika.

Na akikamatwa, Mhariri, kuna mambo ambayo mzazi aliye Uganda anaweza kumkumbusha mwanawe kwa simu. Chini ya Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963 ana haki ya kuomba ubalozi wetu ulioko Washington ujulishwe. Ana haki ya kunyamaza hadi awe na wakili. Tena kuna la muhimu zaidi: waendesha mashtaka wa Marekani humaliza kesi nyingi sana kwa makubaliano ya kukiri kosa, na mtu aliyechoka na mahabusu hushawishika kusaini apate kutoka mapema. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfanya aondoshwe nchini. Wakili mwenye mafaili mengi hawezi kutimiza wajibu huo kama hajui kwamba mteja wake si raia, kwa hiyo kijana wetu amwambie waziwazi siku ya kwanza kwamba ana grini kadi, na asitie saini karatasi yoyote kabla mtaalamu wa sheria za uhamiaji hajaisoma.

Wakili mstaafu,
Jinja, Uganda